Mwanamke Hasogelei Mivukuto

Juzi nilipita mbele ya gereji moja pale mjini, fundi akatumbukiza chuma chekundu kwenye ndoo ya maji, chuma kikalia, na ule mvuke ukaniingia puani. Watu wa rika langu wakikutana na harufu ya utotoni hulegea, hutafuta kitambaa, husema "eeh, zamani hizo." Mimi nilitema mate. Yule fundi akanikazia macho kama kwamba nimemtemea yeye. Nikamwambia samahani ndugu yangu, si wewe, ni marehemu baba yangu.

Najua, marehemu hasemwi vibaya. Nimeambiwa hivyo tangu tulipomzika, na walioniambia kwanza ni wale waliokuja msibani wamekumbatia kitabu chake kama Biblia. "Wewe ni mtoto wa bahati, baba yako aliandika kitabu!" Ndiyo, aliandika. Kinaeleza kazi ya mbao na kazi ya chuma kama babu zetu walivyoifanya, kina picha zake ameshika nyundo na kukunja uso, na kimekaa makabatini mwa watu ambao hawajawahi kukifungua. Ngoja basi niwaeleze kilivyoandikwa, maana nilikuwepo, mfupi kama kinu, macho yote mawili wazi.

Tulikaa Rumonge, kando ya ziwa, upande wa barabara iendayo Kigwena, na nyuma ya nyumba baba alikuwa na banda lake la mabati. Asubuhi ilikuwa zamu ya mbao: makasia, vinu, milango, mbavu za mitumbwi. Jua likipinda aliweka chini tezo na randa, akawasha makaa, ikawa zamu ya chuma: majembe, misumari ya mitumbwi kwa wavuvi wa Magara, na vile visu vilivyopinda vya kuangushia mikungu ya michikichi. Kazi aliijua, sitamwonea. Shida yake ilikuwa mdomo. Alikuwa amerudi kutoka ukimbizini Tanzania, na tangu arudi hakuchoka kutangaza kwamba yeye ndiye mhunzi wa mwisho aliyebaki mwambao wote huu wa ziwa. "Nikifa miye, chuma kimekufa," alisema. Mama alikuwa akimjibu bila kugeuza shingo, "Chuma hakifi, Fundi. Utakufa weye, chuma kitaoga kutu tu."

Hata mkewe alimwita Fundi. Alipenda hivyo.

Mama ndiye aliyekuwa akipuliza moto. Mivukuto yenyewe ilikuwa mabakuli mawili ya mbao yaliyofunikwa ngozi ya mbuzi, kila ngozi imefungwa kijiti katikati. Unapandisha kijiti cha kulia huku unashusha cha kushoto, tena na tena, na pumzi inapita kwenye bomba la udongo hadi ndani ya makaa. Ukisitasita, moto unasinzia. Ukikurupuka, unachoka upesi na moto unakufa mikononi mwako. Vijana waliowahi kufanya kazi hiyo walikimbia mmoja baada ya mwingine, wengine wakaenda kuvua, wengine wakavuka kwenda Kongo, wote wakiukimbia mdomo wa baba, mpaka siku moja mama akafunga kitenge vizuri, akakaa kwenye kigoda, akashika vijiti. Hakuondoka tena. Mama alikuwa mtu wa kusuta kila kitu, mchele, majirani, mvua, kwaya ya kanisani, lakini ule moto sikumsikia akiusuta hata mara moja. Akishika vijiti alikuwa akiimba kwa pua, uso unang'aa jasho, na ukimwita kwa jambo la jikoni alikujibu vibaya. Dharau yangu niliirithi kwake, na ninamshukuru.

Sasa, kwetu kuna mwiko. Wahunzi wa zamani walisema moto wa chuma una wivu, hautaki mwanamke, na mwanamke akisogea karibu chuma kinapasuka. Baba aliuamini mwiko huo mbele za watu tu. Majirani wote walijua nani anapuliza, na hakuna aliyejali, kwa sababu majembe yalikuwa majembe. Ila akija mgeni wa mbali, au mtu mwenye viatu vya kung'aa, mama alitakiwa aachie vijiti, azunguke nyuma ya banda, aonekane na ungo wa maharage kama kwamba amezaliwa nao mkononi.

Na mimi kazi yangu ilikuwa kusalimia. Baba alinikalisha kwenye gogo karibu na njia, akanifundisha mwenyewe: "Dina, ukiona mugeni, usingojee afike. Umusalimie kwa nguvu, tangu kule mbali. Mutoto wa fundi lazima iko na adabu." Basi nilikuwa napiga "Amahoro!" mpaka mbuzi wanashtuka. Wageni walinisifu, wakanipapasa kichwa. Nilijiona mtoto mwenye adabu kuliko wote Rumonge, nikawadharau watoto wa jirani waliosalimia kwa vijisauti vya panya. Nilikuja kuwa mama wa watoto wangu mwenyewe ndipo nikaelewa kwamba sikulelewa adabu pale kwenye gogo. Nilikuwa kengele ya kumfukuza mama kwenye moto wake.

Kitabu kilianza na wageni wa kamera. Walikuja kuuliza mambo ya asili, wakamkalisha baba kwenye kiti, na kila alichosema kikaandikwa, hata akikohoa. Walipoondoka alikuwa mtu mwingine. Alitembea uani mikono nyuma, anajisemesha. Kesho yake akamwita Mwalimu, jirani yetu aliyefundisha shule ya msingi, mtu wa mwandiko mzuri na uti wa mgongo wa ndizi iliyoiva. Tangu hapo kila alasiri ilikuwa hivi: baba anagonga chuma na kusema, Mwalimu amekaa kwenye benchi anaandika, mama anapuliza.

Nilikuwepo siku walipofika kwenye moto. Baba aliinua koleo, akatazama mabati ya paa kama anayesoma kitu kule juu, akasema kwa ile sauti yake ya kuhutubia: "Andika. Mwanamke hasogelei mivukuto. Tangu mababu mpaka leo, katika nyumba ya mhunzi, mkono wa mwanamke haujagusa vijiti hivi."

Kalamu ya Mwalimu ikasimama. Akamwangalia mama, ambaye alikuwa umbali wa kumpiga kofi, anashusha kulia, anapandisha kushoto. Akamwangalia baba.

"Fundi, niandike hivyo hivyo?"

"Kwani nimesema kwa Kichina?"

"Andika, Mwalimu," mama akasema, na vijiti havikutulia hata kidogo. "Andika mbio, chuma iko tayari, huyu mukubwa ataisahau kwenye moto."

Mwalimu akaandika. Angalau angeona aibu kidogo. Hakuona. Alilamba kalamu, akaendelea na mstari uliofuata.

Jioni ile tulikuwa tunakula ugali na ndagala, mama akasema, "Fundi, nitie na miye."

"Nikutie wapi?"

"Mu kitabu. Musitari moja tu. Useme ni nani alipuliza."

Baba alicheka mpaka tonge likamtoka. "Watanicheka! Kitabu cha mila, halafu ndani yake mwanamuke anapuliza moto? Si watasema miye ni fundi wa uongo?"

"Na weye ni fundi wa nini?"

"Mama Dina, usiharibu chakula. Nitakutia mwisho, pale pa kushukuru watu."

Akamtia kweli. Kitabu kilipochapwa, mimi ndiye niliyemsomea mama ule ukurasa wa mwisho, maana macho yake yalikuwa yameharibiwa na moshi. Kulikuwa na shukrani kwa wakubwa wa serikali, kwa Mwalimu, kwa wageni wa kamera, kwa Mungu, na chini kabisa: namshukuru mke wangu kwa uvumilivu na chakula. Mama akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. "Chakula," akasema. Halafu akasonya, ule msonyo wake mrefu ambao hata mbwa wa jirani aliuheshimu, akaenda kuanua nguo.

Bado alikuwa na moto wake, na nadhani angemeza na hilo. Lakini baba hakuwa mtu wa kushiba. Siku chache kabla ya sherehe ya kitabu alimwambia aachie mivukuto kabisa, si kwa wageni tu, kabisa. Watu watakuja bila kupiga hodi, alisema, watataka kuona mambo kama yalivyoandikwa. Amekwisha kumpata kijana wa Kigwena, Hamisi.

"Na miye nikae wapi?" mama akauliza.

"Kaa mu nyumba kama wanawake wenzako."

Kuanzia hapo alasiri zilikuwa mbaya. Hamisi alipuliza kama mtu anayefukuza kuku shambani, na mama alisimama nyuma ya ukuta wa banda, mikono imefungwa kifuani, akisikiliza. Nilimwona akihesabu kwa kidevu, juu, chini, juu, na kila Hamisi alipokosea uso wake ulikunjamana kama aliyekanyagwa. Pia tulisikia habari nyingine: wakubwa wa serikali ya komini wamesema sherehe ikienda vizuri, na Fundi akifua kisu mbele yao kama kitabu kinavyosema, atapewa jengo la kufundishia vijana wa kiume uhunzi. Kiwanda chote kitahamia huko. Maana yake mama hatashika vile vijiti tena maishani. Hakuna aliyenieleza hayo kwa maneno. Niliyajua kwa jinsi mama alivyoacha kusuta watu, hata kwaya.

Na mimi, mpumbavu mdogo, usiku nilimwombea baba kisu kitoke vizuri.

Sherehe ilikuwa uwanja wa shule. Mahema, viti vya plastiki, Fanta kwa wanawake, bia ya Primusi kwa wakubwa, na hotuba, Mana yanje, Mungu wangu, zile hotuba! Kila mmoja alimsifu mwenzake kwa kumsifu baba. Mwalimu alivaa tai. Baba alivaa koti la kuazima na juu yake ile ngozi ya kazi, akaonekana kama mbuzi aliyechunwa nusu. Mama walimweka mstari wa mbele kabisa, kwenye kiti kilichofungwa utepe, kwa sababu ni mke wa mwandishi. Mimi nilikaa miguuni pake. Baba akasoma kwa sauti ukurasa ule, mwanamke hasogelei mivukuto, na wanaume wakatikisa vichwa kwa uzito, hasa wale ambao hawajawahi kuona mivukuto.

Halafu wakawasha makaa. Hamisi alikuwa na shati jeupe jipya, na wasichana walikuwa wengi. Alianza kwa kasi ya kutisha, cheche zikaruka, watu wakapiga vigelegele. Hapohapo mikono ikamwishia. Akasimama kidogo, akaanza tena, akasimama. Makaa yakageuka ya kijivu. Baba akatoa chuma kikiwa na wekundu wa ulimi wa mgonjwa, akakiweka kwenye fuawe, akakigonga hivyohivyo maana watu walikuwa wanatazama. Mhunzi yeyote anajua kwamba chuma kilichopoa hakigongwi. Yeye alijua kuliko wote. Aligonga, na chuma kikapasuka katikati, kipande kikaanguka kwenye vumbi.

Mheshimiwa mmoja mwenye tumbo, chupa mkononi, akasema kwa utani: "Fundi, si kitabu chako kinasema chuma inapasuka kama mwanamuke iko karibu? Labda iko mumoja hapa!"

Watu wakacheka. Ulikuwa mzaha tu wa mtu aliyekunywa. Baba angeweza kucheka nao, kuwasha upya, kumwambia Hamisi apumzike. Lakini nilimwona usoni. Aliudaka ule mzaha kama mtu anayezama anavyodaka kasia. Akageuka kwenye mstari wa mbele, akanyoosha kidole.

"Mama Dina. Sogea kidogo. Moto umekuona."

Mtoto haelewi mambo mengi, lakini joto la uso anaelewa. Nililisikia la mama kutoka kule chini nilikokaa. Wanawake wa mtaa wetu, ambao wote walijua, waliinamisha vichwa pamoja. Mwalimu akarekebisha tai.

"Nisogee?" mama akauliza, polepole.

"Ego, ndiyo. Kidogo tu."

Akainuka, akaenda nyuma ya hema. Hamisi akapuliza, baba akatia chuma kingine, na kikatoka vilevile, kichovu. Baba hakuthubutu kukigonga. Jasho lilikuwa linalowesha kola ya koti la watu.

"Sogea tena!"

Mama akaenda hadi kwenye uzio wa shule. Kichwa changu kilikuwa kinageuka huku na huku, kwa baba, kwa mama. Niliamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: niliamini kweli moto unamwona mama na kuchukia, nikawa naomba moyoni asogee upesi ili moto uwake, tusiaibike. Lakini makaa yalikuwa majivu.

"Bado!" baba akapiga kelele, na sauti yake ilikuwa imepasuka kama kile chuma. "Mbali zaidi!"

"Fundi," mama akajibu kutoka kule uzioni, na uwanja mzima ukasikia, "unataka nifike wapi?"

"Mbali! Mpaka moto uwake!"

"Haya."

Akarudi. Watu walidhani amekuja kugombana, wakampisha. Hakumtazama hata baba. Alinishika mkono, akaninyanyua kutoka kwenye nyasi, tukavuka uwanja, tukapita lango la shule, tukashika barabara. Tulipita njia ya kwetu, hakukunja.

"Mama, tunaenda wapi?"

"Tunasogea."

Tulisogea mpaka Bugarama, kwa kaka yake aliyekuwa mkulima wa mihogo. Tulifika na nguo za sherehe tu mwilini. Baadaye tulisikia kwamba baba alileta kisu alichokuwa amekifua zamani, akapigwa picha nacho, na wale watu wakampigia makofi. Walimpigia makofi! Jengo hawakumpa, walimpa cheti. Hamisi hakurudi kazini, na tangu siku ile lile banda likawa la kazi ya mbao tu. Wageni wakija kuuliza uhunzi, baba aliwasomea.

Siku zikapita, akaja kumrudisha mke kama desturi inavyotaka, na wazee wawili wa mtaa wetu na kreti ya bia. Mjomba akawaweka uani. Wazee wakazungumza vizuri, wakazunguka, wakagusa mvua, mihogo, afya za watu, mpaka wakafika. Mmoja akamgeukia mama.

"Mama Dina, mwanaume amekosa, na amekuja. Sema unataka nini."

"Kitu kimoja," mama akasema. Alikuwa ananisuka nywele, na vidole havikusimama. "Arudi pale uwanja wa shule, awaite walewale, aseme ni nani alipuliza ule moto miaka yote. Aseme kwa mudomo yake. Akisema, nabeba mutoto leo leo."

"Ni neno dogo," mzee akasema, amefarijika. Mjomba naye akasema, "Shemeji, ni neno moja tu."

Wote tukamtazama baba. Nilikuwa nimemkumbuka, nakiri. Nilitaka kurudi nyumbani, kwenye gogo langu. Alikuwa anachubua karatasi ya chupa kwa ukucha, anaviringisha vipande vidogovidogo, anavipanga kwenye goti. Kwa muda nilidhani atasema. Midomo ilijiandaa.

"Kitabu kimeshatoka," akasema.

"Kwa hiyo?" mama akauliza.

"Kimeshatoka, Mama Dina. Watu wamesoma, mpaka Bujumbura. Niende niseme nilidanganya?"

"Ego."

Akamtazama mjomba, akatazama wazee, mwishoni akanitazama mimi, ana macho ya kuomba, kama kwamba mimi ndiye ningemtoa hapo. Mimi, na nywele nusu zimesukwa. Hakuna aliyemsaidia. Akamaliza bia yake, maana hakuwa mtu wa kuacha bia, akapangusa mdomo, akasema, "Siwezi."

Wazee wakainuka, wamechoka. Baba naye akainuka. Na hapo mama akafanya jambo ambalo lilinifunza kila ninachojua juu yao wawili. Kwetu, mtu akija kukutembelea humwachi mlangoni; unamsindikiza mpaka njiani, unamshukuru, ndipo unageuka. Mume hasindikizwi. Mume anakwenda zake na kurudi zake, njia ni yake. Mama akaweka chanuo chini, akajifunga kitenge cha pili kama mtu anayetoka, akatembea pembeni ya baba mpaka barabarani, taratibu, kwa heshima zote. Nilisimama mlangoni, nikawasikia.

"Murakoze kututembelea," mama akasema. "Mugende amahoro."

Baba alirekebisha kola yake, yule mtu wa maneno yote yale. Halafu akaondoka na wazee wake.

Mama aliporudi alinikuta bado nimeshikilia kizingiti, nalia.

"Unalia nini?" akaniuliza, akaketi, akaokota chanuo. "Kuja umalizwe nywele. Mugeni ameshaenda."